Pete ya Immakulata

Kila Jumamosi Claudine alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaenda na mama yake sokoni Kasulu kuuza maharage. Jumamosi moja dada yake, Immakulata, aliyekaribia kuolewa, alimtuma dukani kwa Mzee Hilali akamchukulie pete.

Mzee Hilali aliweka pete mbili mezani. "Bei ni moja," alisema. "Hii ya kijivu ni stili, haishiki kutu wala haisumbui ngozi. Hii ya njano ni nikeli iliyopakwa rangi ya dhahabu. Hereni za namna hii zilimtia dada yako vidonda masikioni. Achukue stili."

Claudine aliiona ile ya kijivu kama nati ya baiskeli. Aliwaza wasichana wa darasani kwake watakavyocheka harusini.

"Dada mwenyewe ametaka ya njano," alidanganya.

Nyumbani Immakulata aliigeuzageuza ile pete. "Ulimuuliza kama itanidhuru?"

"Amesema haina shida."

Harusi ilifana. Immakulata akahamia Kitahana kwa mumewe, Pasikali. Baada ya wiki mbili kidole kilianza kuwasha. Alidhani ni sabuni. Aliendelea kulima na kufua, pete ikiwa kidoleni, mpaka kidole kikavimba na pete ikagoma kutoka.

Shule zilipofungwa, Claudine alikwenda kumtembelea. Aliona usaha ukichuruzika pembeni ya pete. Badala ya kusema ukweli, alichukua ndoo akaenda kuchota maji.

Siku ya tatu Immakulata alipatwa na homa kali. Pasikali alimkimbiza hospitali kwa pikipiki, na Claudine akafuata na mama yake, aliyepigiwa simu akaja haraka. Daktari aliikata pete kwa msumeno mdogo.

"Pete hii ni ya madini gani?" aliuliza.

"Sijui, ila muuzaji alisema haina shida," Immakulata alijibu kwa shida.

"Hakusema hivyo," Claudine alisema, machozi yakimtoka. "Alisema ni nikeli, uchukue stili. Mimi ndiye niliyedanganya."

Immakulata akageukia ukutani.

Kidole hakikupona. Sehemu yake kuanzia penye pete hadi nchani ilikuwa imekufa, ikabidi ikatwe. Kwa siku nne Immakulata hakumsemesha mdogo wake. Siku ya tano, akijiandaa kurudi nyumbani, alishindwa kufunga kitenge kwa mkono mmoja.

"Claudine, njoo unifungie," alisema kwa sauti ndogo.

Claudine alimfungia.

Walipotoka nje, mama alimshika bega. "Dada yako angejua ni nikeli, angeivua siku ya kwanza ilipomwasha. Wewe ulikuwa unajua, ukanyamaza hata ulipoona usaha. Kudanganya ni kosa, mwanangu, na kila siku unayonyamaza baada yake unaliongeza. Amekusamehe, lakini kidole hakitarudi. Ukitumwa neno, lifikishe kama lilivyo."

"Ndiyo, mama," Claudine alijibu, akapokea mfuko wa dawa za dada yake.