Yatima Mwenye Mama

Ndugu zangu, niwasimulie jambo lililonifanya nikae chini nijiulize maswali. Waliotendewa ni watu kama sisi, na waliotenda nao ni watu kama sisi, wanaosali, wanaofunga, na wanaoimba mpaka mishipa ya shingo ikawatoka.

Asubuhi ile uwanja wa makao ya watoto ulikuwa umefagiliwa ukafagilika. Watoto walikuwa wamepangwa kwa kimo mbele ya jengo lenye rangi mpya, wote pekupeku, wakipiga makofi na kuimba. Upepo ulikuwa mwanana. Basi dogo la wageni lilipoingia, wimbo ukapanda juu, na mwanamke wa kwanza kushuka akaanza kulia kabla hajakanyaga chini sawasawa.

Huyu alikuwa karani wa shule huko kwao, mama wa makamo, mcheshi, mwepesi wa machozi. Kanisani ndiye aliyeishikia bango safari hii ya umisheni. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba nguo, sabuni na vitabu. Alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yake. Watu walipomtania kwamba atarudi akiongea puani, alicheka akawaambia, "Nikirudi hata salamu zenu nitazipokea kwa mkalimani!"

Mwenye makao, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole ambaye kila mtu alimwita Baba Mlezi, aliwakaribisha kwa mikono miwili.

"Wapendwa," alisema, "watoto hawa mnaowaona hawana baba wala mama. Baba yao ni mimi, na kuanzia leo mama zao ni ninyi."

Karani akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

Katika watoto wale alikuwepo binti mmoja wa miaka kama saba, aliyeimba kuwashinda wenzake wote. Meno ya mbele hayakuwepo.

"We mtoto, meno yako yameenda wapi?" Karani alimuuliza.

"Nimeyanywa na chai!"

Wageni wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Tangu hapo Karani akamwita Pengo, na siku nzima mtoto hakubanduka ubavuni pake. Jioni tu ndipo alipoonekana kunyong'onyea, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga.

Kesho yake Pengo hakuonekana kwenye nyimbo.

"Mafua tu," alisema Baba Mlezi. "Nimemwambia apumzike."

Siku iliyofuata hakuonekana tena. Karani alipoomba akamsalimie, Baba Mlezi alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mtoto kalala, mtoto anaendelea vizuri, mama usiwe na wasiwasi, njoo uone bustani yetu ya mboga. Karani akaiona bustani, akaisifu, lakini moyo wake haukutulia.

Baada ya chakula cha mchana alirudi hosteli walikofikia wageni kuchukua miwani aliyoisahau. Uani alimkuta mama anayewafulia wageni mashuka, mwanamke mwembamba ambaye siku zote alikuwa akiitikia salamu macho chini. Leo aliacha beseni, akafuta povu mikononi, akamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na kazi."

"Samahani, mama. Huko makaoni umemwona mtoto mmoja hana meno ya mbele? Anaimba kwa nguvu sana."

"Pengo! Nani asiyemjua? Ila anaumwa. Ni wa ndugu yako?"

Yule mama akatazama mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni wangu. Nimemzaa mimi."

Karani alipigwa na butwaa. Mashuka aliyolalia yalikuwa yakifuliwa na mama wa yatima aliyekuja kumlilia!

"Lakini... tumeambiwa hana mama."

"Ndivyo tulivyoambiwa tuseme. Baba Mlezi alikuja nyumbani, akasema atamsomesha bure, na mwisho wa wiki atakuwa anarudi. Sharti lilikuwa moja tu, wageni wakija sisi wazazi tusionekane. Baba yake alikataa katakata. Mimi nikaona ni bahati inatupita. Nikampeleka siku baba yake yuko kazini. Tangu hapo ndani ya nyumba hatusemezani, ananipita kama anavyopita kiti." Akatazama tena mlangoni. "Wenzake wameniambia anaweweseka kwa homa, shingo haigeuki. Nimekwenda getini mara mbili nimefukuzwa. Mama yangu, wewe watakufungulia. Nisaidie!"

Karani hakukumbuka tena miwani. Alimshika mkono, wakaenda mbio mpaka makaoni, na mlinzi alipomwona yule mgeni alivyokunja uso, alifungua geti bila kuuliza.

Walimkuta Pengo nyuma ya jengo, katika chumba cha kuwekea magodoro mabovu. Alikuwa amelala kiubavu, mwili unawaka, macho nusu wazi. Pembeni palikuwa na kikombe cha maji na gunia lililofunguka, limejaa viatu vya watoto. Karani akaelewa kwa nini wote walikuwa pekupeku. Ndugu zangu, watoto wale walikuwa na viatu! Walivuliwa ili wageni wawaonee huruma.

"Mwanangu!" Yule mama alianguka magotini.

Baba Mlezi akatokea mlangoni anahema. Nyuma yake alikuja mchungaji aliyeongoza msafara.

"Kwa nini mtoto huyu hajapelekwa hospitali?" Karani alifoka.

"Hospitali watauliza mzazi," alijibu Baba Mlezi, na sauti yake bado ilikuwa ya upole. "Ningemwita mama yake, ninyi ningewaambia nini? Nilisema nisubiri mwondoke. Ni siku chache tu."

Alisema hivyo, macho makavu, kama mtu anayeeleza kwa nini hajapaka ukuta rangi. Nyumba yote ile, upole wote ule, na mtoto anakufa kwenye stoo ili uongo usifichuke mbele ya wageni!

"Dada, taratibu," mchungaji alisema, kijasho chembamba kikimtoka. "Tuko ugenini. Tusizue fujo. Tuombe kwanza, halafu..."

"Tutaombea njiani, Mchungaji. Basi liko wapi?"

Mchungaji alimtazama mtoto, akamtazama mama yake. Aibu ikamshika. Akainama, akambeba Pengo mwenyewe mpaka kwenye basi.

Hospitalini daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba wangechelewa kidogo tu wangemleta maiti. Baba yake aliitwa kutoka kazini, akafika na vumbi la saruji miguuni. Karani aliogopa kwamba patazuka ugomvi wodini. Lakini yule baba alimwangalia mkewe, akavuta stuli, akakaa karibu naye.

Pengo alipopata fahamu, mama yake alimwinamia akamwita. Akamwita tena. Mtoto alimkodolea macho, akatazama midomo yake, kisha akasema kwa sauti kubwa iliyowageuza wagonjwa wote, "Mama, mbona unaongea kimyakimya?"

Baba mtu alitoka nje. Karani alisikia kilio chake kutoka kwenye korido.

Homa ilikuwa imeondoka na masikio ya mtoto. Alipona, lakini hakusikia tena, na daktari hakuwapa matumaini ya uongo.

Baba Mlezi alikamatwa na makao yakafungwa. Wazazi walipotangaziwa wakawachukue watoto wao, walimiminika getini, na mwisho wa yote watoto waliobaki bila mtu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote walikuwa na kwao.

Karani aliporudi kwao, waumini walimngojea awape ushuhuda wa ushindi. Alisimama madhabahuni, akawatazama. Kisha akasema, "Tulikwenda kuwalilia yatima, na machozi yetu ndiyo yaliyowafanya yatima."

MAFUNZO

Mzazi, umaskini si dhambi, na haukuondolei haki ya kuitwa mama au baba. Mtu akikuahidi mema kwa sharti la kumkana mwanao, huyo anafanya biashara, na bidhaa ni damu yako. Mfungie mlango.

Nawe unayetoa kwa moyo mweupe, toa, lakini uliza. Uliza mama wa mtoto yuko wapi, na usione haya kuuliza mara ya pili. Ukitaka kumsaidia mtoto, msaidie akiwa mikononi mwa waliomzaa. Huruma isiyouliza humnenepesha mwongo, na gharama yake hulipwa na mtoto. Yule binti sasa anajifunza kuongea kwa mikono, na baba yake na mama yake wanajifunza pamoja naye, kwenye meza moja, huku wakitazamana tena usoni.

Kama kuna mlango wa namna hii mtaani kwenu, usingoje mgeni aje aufungue.