Riwaya Ambayo Kasuku Hakuimaliza

Uvumi ulimkuta fundi cherehani akitia pindo sketi za shule: eti kuna riwaya imemwibia akili mtoto wa darasa la tano, hali, hanywi. Alijaribu kuupuuza, lakini kila alipokanyaga pedali ulimrudia. Binti yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akipendekeza riwaya shuleni.

Kila Ijumaa binti huyo, ambaye wenzake walimwita Kasuku kwa jinsi alivyojaliwa maneno, alisimama mbele ya chama cha wasomaji akasimulia habari za riwaya za safari za anga na za nchi za ajabu. Kitabu akikisifia yeye, kinagombaniwa.

"Mtoto mwenyewe ni nani?" mama aliuliza, Kasuku alipoingia tu.

"Kidoti. Yule aliyefiwa na mama yake. Amelazwa hospitali."

"Na kitabu?"

Kasuku akavua viatu polepole. "Cha msichana anayekataa kula ili mlango wa nchi ya wafu umfungukie. Nilisema mwishoni anarudi na mama yake."

"Anarudi naye kweli?"

Kasuku akavipanga viatu vyake ukutani.

"Si nakuuliza wewe!"

"Sijui, mama. Nilisoma kurasa za mwanzo tu. Kwenye jalada wameshikana mikono, nikajua ndivyo kinavyoisha. Ningesema sijamaliza wangenicheka: 'Kasuku leo betri imekwisha!'"

Mama aliinuka. Aliiacha sketi chini ya sindano, akamshika binti yake mkono wakaenda hospitali.

Kidoti alikuwa amelala na dripu mkononi, midomo imekauka, kitabu kifuani. Shangazi yake alimsogezea kikombe cha maziwa.

"Shangazi, usinijaribu. Nikinywa, mlango utajifunga."

"Kidoti," Kasuku alisema huku akilia, "nilidanganya. Sikukimaliza."

"Unanitania, dada."

"Sikutanii. Hebu tusome."

Akasoma kuanzia pale Kidoti alipoishia mpaka ukurasa wa mwisho. Mlango ulifunguka kweli. Mama wa kitabuni alimshika binti yake mikono, kisha akamwachia. "Rudi nyumbani ukale," akamwambia, na mlango ukafungwa.

Kidoti aliangua kilio. Shangazi alisema hata siku ya mazishi hakulia hivyo. Baadaye sana Kidoti alikubali vijiko vichache vya maziwa. Daktari alisema atapona, ila figo zimeumia. Shule asahau kwa sasa.

Walipotoka wodini, mama alisimama kwenye korido.

"Usidhani yamekwisha kwa sababu hakuna aliyekugombeza. Ijumaa utasimama mbele ya wale wale uwaambie ukweli. Na haya uyaepuke:

Usisifie kitabu ambacho hujakimaliza.

Usibuni mwisho.

Usiamini picha ya jalada.

Usimpe mtu hadithi ya kifo bila kujua kwao kuna msiba gani.

Usimwache mdogo wako asome mambo mazito peke yake.

Usione aibu kusema, 'Hiki bado sijakisoma.'"