Alama ya Ndege kwenye Simu ya Mama

Kila alipotoka shule, Kiberiti alitandika gazeti sakafuni, akaipindua roboti yake chali na kuanza kukaza skrubu. Jina hilo alipewa na majirani, kwa kuwa alikuwa msichana mwembamba na mwepesi wa kuwaka. Roboti yenyewe ilienea ndani ya sufuria: magurudumu manne, mota mbili, na mbele yake koleo la bati alilolikata kwenye kopo la rangi. Kazi ya koleo ilikuwa moja tu, kuingia chini ya adui na kumbinua.

Akili ya roboti ilikuwa kwenye simu ya mama. Humo Kiberiti alipanga amri moja baada ya nyingine: nenda mbele, ukigusa kitu inua koleo, kisha rudi nyuma upesi. Simu ilizungumza na roboti bila waya, na roboti ilitii kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule.

Lakini simu ile haikuwa ya kuchezea. Mama alikuwa mkunga wa kituo cha afya, na hata siku za mapumziko aliweza kuitwa. Kila alipomwazima Kiberiti simu alirudia sharti lile lile: ikilia, mbio nyumbani, hata kama vita vimepamba moto. Katika mazoezi Kiberiti alitimiza. Kilichomkera ni kwamba kila simu ilipoingia, mawasiliano yalikatika na roboti ikasimama kama mwizi aliyemulikwa tochi.

Jumamosi ya nusu fainali ya mashindano ya klabu ya roboti, ukumbi wa shule ulijaa. Mpinzani wake, mvulana waliyemwita Mbwembwe, alikuwa ameipaka roboti yake rangi nyekundu hadi magurudumuni.

"Leo utazoa mota zako kwa kijiko," alisema.

"Kitunze hicho kijiko. Jioni utamlishia uji mgonjwa wako mwekundu."

Watu wakacheka. Moyoni, Kiberiti aliogopa kitu kimoja: simu kuingia katikati ya pambano. Akageuka pembeni, akaiweka katika hali ya ndege, ile inayozuia simu zote kuingia, akaacha wazi njia ya roboti peke yake. Alijiambia ni kwa muda mfupi tu.

Alishinda. Roboti nyekundu ilibinuka, magurudumu yakabaki yakichapa hewa. Wenzake walimbeba juu juu. Alirudi nyumbani akiimba, akaiweka simu mezani kando ya mama aliyekuwa akipiga pasi. Habari ya ndege ilikuwa imemtoka akilini.

Haukupita muda, pikipiki ya kituo ikasimama mlangoni. Dereva alisema wamepiga simu mpaka wamechoka, kila mara wanaambiwa haipatikani. Kuna mama anajifungua, mtoto amekwama, na muuguzi yuko peke yake.

"Niletee simu," mama alisema, huku akivaa viatu.

Kiberiti aliichukua, akaiona ile alama ndogo ya ndege juu ya kioo. Akaizima alama ile kwa kidole kimoja, kisha akampa mama simu.

Mtoto alizaliwa hai, lakini hakulia mara moja, na mama yake Kiberiti alihangaika naye sana mpaka akavuta pumzi. Aliporudi aliulaumu mtandao. Kiberiti alinyamaza.

Jumatatu mama alitoka kazini uso umemshuka. Msimamizi wa kituo alisema simu nyingine zote za mtandao ule zilipatikana saa ile isipokuwa yake. Alipojitetea kwamba ilikuwa mezani, imewashwa, hakuaminiwa. Mpaka jambo hilo lichunguzwe, asiguse chumba cha kujifungulia.

Aliketi kitandani, sare mapajani. "Kazi hii nimeifanya tangu hujazaliwa," alisema. "Nimeitwa mkali, nimeitwa mbishi. Mwongo, sijawahi."

Kiberiti alijua kwamba akisema, simu imekwenda na fainali imekwenda. Akinyamaza, mama atabaki na jina lisilo lake.

"Mama, si mtandao. Ni mimi."

Akaeleza yote, hata kile kidole kilichoizima alama. Mama hakumpiga wala hakumkaripia. Alimtazama tu, na kutazamwa huko kulimuuma kuliko fimbo.

"Vaa viatu," mama alisema mwishowe. "Uliyoyasema hapa, utayasema na kule."

Mbele ya msimamizi, mwanamke wa miwani asiyecheka ovyo, Kiberiti alieleza yote tena, hakuruka kitu. Msimamizi alimwomba mama radhi na kumrudishia kazi yake. Akamwonya pia kwamba simu ya dharura haiazimwi, hata kwa mwana. Mama alikiri kwamba hilo lilikuwa kosa lake.

Wakapita wodini. Mtoto alikuwa kifuani pa mama yake, ananyonya. Mzazi yule, asiyejua lolote, alimtabasamia Kiberiti. Kiberiti akainamisha kichwa.

Kesho yake alimweleza mwalimu wa klabu kila kitu, akamwachia Mbwembwe nafasi ya fainali. Mwalimu alikubali, akaahidi kuitafutia klabu simu kuukuu isiyo na laini, ili roboti zisitegemee tena simu za wazazi.

Jioni alimpa mama habari hizo. Mama akamvuta karibu.

"Kitu cha kuazima hakiji peke yake, mwanangu. Ulipoichukua simu, uliwachukua na wote wanaoweza kuniita. Yule mtoto nusura alipe kwa ajili ya koleo lako. Usisahau. Lakini na hili ulijue: kosa ukilisema, linapata mwisho. Ukilificha, linatafuta mtu mwingine wa kumkalia begani."