Matairi ya Kupigia Picha

Asubuhi ilikuwa tulivu. Mke alikuwa barazani akishona mikono ya magauni, na mumewe, dereva wa gari la mlimani, alikuwa amechuchumaa uani akisugua matairi yake mapana kwa mswaki. Ndiyo, ndugu msomaji, mswaki. Mkewe alikuwa ameshamuuliza kama ni wa kwao au wa watoto, naye akajifanya hasikii.

Mara akaingia mwanamume wasiyemjua, suruali ina tope mpaka magotini. Alisalimia, akakataa kiti kwa kuogopa kukichafua, akaeleza kwamba ametoka kijiji cha juu kwa miguu. Binti yake alikuwa mjamzito. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na safari hii daktari amekataza kabisa uchungu umkute nyumbani. Alitakiwa hospitali keshokutwa, na mvua zilikuwa zimeshaanza.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayefika kwetu hata masika," alisema.

"Keshokutwa kabla ya adhuhuri nitakuwa mlangoni kwako, mzee wangu. Mwambie binti afunge mzigo."

Mgeni akashukuru, akaondoka. Mke akaacha kushona.

"Baba Pacha," mke akasema, "utapanda mlima na matairi hayo?"

Jibu alikuwa nalo. Miaka yote gari lile lilivaa matairi membamba, na ni yeye aliyekuwa akiwafundisha madereva wenzake: tope la mlima ule ni laini juu, chini kuna udongo mgumu. Tairi jembamba hulikata tope mpaka likaung'ata ule mgumu. Tairi pana huelea juu yake na kuteleza. Pana lina mahali pake, napo ni mchangani, ambako jembamba huzama. Haya yote aliyajua. Lakini vijana wa pale wanapooshea magari walimwambia gari lake limevaa viatu vya kuazima, wakamcheka, wakamcheka tena, mpaka akaenda kubadilishana matairi na rafiki yake mwenye gari la kubeba mchanga. Tangu hapo akaitwa Bwana Mapana, watu wakapiga picha kando ya gari. Na watoto wake pacha wakaanza kwenda shule kwa miguu wakikanyaga madimbwi, wasije wakalichafua. Hebu fikirini, jamani.

Siku ya pili yake alipandisha akina mama waliotoka sokoni. Kona ya kwanza ya mlima, gari likaanza kwenda upande kama sabuni kwenye sakafu yenye maji. Alikata usukani, halikusikia. Likaegemea mtaroni, na akina mama wakashuka mmoja mmoja wakiwa wameinua vikapu.

Mmoja, mwenye trei ya mayai, aliyakagua matairi kwa utulivu. "Baba, haya ni ya kupandia mlima au ya kupigia picha?"

Walicheka wote huku wakisukuma. Yeye hakuweza. Alikuwa akikitazama kiti kilichoegemea mtaro, akimwona binti wa watu amekaa pale, mikono tumboni.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mbeba mchanga, akaomba arudishiwe matairi yake membamba. Rafiki yake hakuwa na haraka. Alisema siku hizi anapita lami tupu, na yale membamba yamempunguzia mafuta.

"Nikikurudishia, niachie na keria."

Keria ile ya juu ya gari ndiyo iliyokuwa ikibeba nusu ya mizigo yake siku za soko. Alimsihi wangoje mpaka mvua ziishe, rafiki akatikisa kichwa. Basi dereva akachukua spana, akapanda juu, akaanza kuzifungua nati kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake aliwapeleka pacha shule na viatu vyao vya tope. Penye kuoshea magari mtu akauliza kwa sauti Bwana Mapana kakonda lini. Akampungia mkono, akaushika mlima. Kwenye kona ile gari lilizama, likasita, kisha likang'ata. Jua halijafika utosini aliposimama mlangoni kwa mgeni wake. Binti akatoka polepole ameshikwa mkono na mama yake, akatazama juu ya gari.

"Mzigo tunaweka wapi, kaka?"

"Kiti cha mbele, dada. Wewe kaa nyuma, unyooshe miguu."

Wakashuka taratibu, wakafika hospitali bila uchungu kuanza.

Funzo

Ndugu zangu, tairi pana si baya, na jembamba si bora kila mahali. Kila moja lina njia yake. Ubaya ni kuchagua kwa macho ya watazamaji huku tukiwasahau tuliowapakia. Majivuno huanza kuwaumiza wa nyumbani kabla hayajamfikia jirani. Lakini aliyekosea bado anaweza kurudi. Akubali tu kuchekwa, akubali na kupoteza kitu, mradi ahadi aliyompa mtu itimie.