Majani ya Nyuma ya Nyumba ya Senowara

Kila alipotoka shuleni, Shahena alichukua mundu na kikapu akaenda kumtafutia ng'ombe majani. Zamani kazi hiyo ilikuwa nyepesi, kwa kuwa vilima vilivyokizunguka kijiji chao, huko Ukhiya nchini Bangladesh, vilikuwa malisho matupu. Sasa vilikuwa vimefunikwa na nyumba za mianzi na maturubai za Warohingya waliokimbia Myanmar, nyumba juu ya nyumba, hata mbuzi hakuwa na pa kupeleka mdomo. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa msaada. Shirika lililowahudumia wakimbizi lilikuwa limewagawia ng'ombe akina mama wa kijiji pia, ili wenyeji nao wapate kifuta jasho.

"Wenzake wanatoa maziwa, wa kwetu anatoa mbavu," mama yake alilalamika asubuhi moja, akimpapasa mnyama. "Watu wa shirika wakija watanionaje? Si watampa mwingine anayejua kufuga?"

Maneno hayo yalimkaa Shahena rohoni. Alasiri hiyo alipanda mteremko uliokuwa nyuma ya nyumba ya rafiki yake Senowara, ndani ya kambi. Hapo palikuwa na majani marefu, mabichi, yaliyopandwa kwa mistari na vijana wa kujitolea. Akaanza kuyakata kwa mundu. Lakini udongo ulikuwa umelainika kwa mvua, na shada la kwanza likang'oka na mizizi yake yote. Akaona kung'oa ni rahisi kuliko kukata. Kikapu kikajaa upesi, na tangu hapo akawa haendi mahali pengine.

Siku moja Senowara alikutana naye njiani. "Mwenzangu, ng'ombe wenu anaolewa, au nini? Karamu yote hiyo umeitoa wapi?"

"Mtoni," Shahena akajibu, macho chini.

"Mtoni siku hizi si kuna matope tu?"

"Wewe unafuga nini hata ujue penye majani?"

Senowara alicheka akaenda zake. Shahena hakucheka.

Ijumaa mvua ilianza kunyesha kabla ya sala ya mchana, ikakataa kukatika. Kipaza sauti cha kambini kilisikika hadi kijijini, kikiwahimiza watu wa miteremkoni wahame. Baba yake Shahena, aliyewahi kufanya kibarua cha kuchimba mifereji huko, alitikisa kichwa huku akila.

"Mungu awastiri. Afadhali akina Senowara, wao hawana haja ya kuhama. Nyuma yao kuna yale majani. Mizizi yake inaukamata udongo barabara."

Shahena alilirudisha tonge sahanini. Akiitoa siri, huenda ng'ombe angechukuliwa na mama yake angeaibika mbele ya wenzake. Akinyamaza, Senowara na wadogo zake wangeendelea kukaa pale pale, wakiamini wako salama. Mvua ikazidi kupiga bati.

"Baba, majani hayapo."

"Hayapo vipi?"

"Nimeyang'oa mimi. Na mizizi yake. Nilimpa ng'ombe."

"Shahena!" mama yake akashika kinywa.

Baba hakugomba. Alinyanyuka, akaukamata mkono wake. "Twende. Utanionyesha ni wapi."

Walikimbia wakiteleza hadi walipomkuta Nur Kolima, Mrohingya aliyewaongoza watu wa kujitolea, amevaa koti la mvua. Shahena alimweleza yote kwa sauti iliyokatikakatika. Nur Kolima aliutazama mteremko. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanachuruzika mahali palipokuwa na mistari ya majani. Akainua kipaza sauti.

"Nyumba zote za chini hapa, tokeni! Sasa hivi!"

"Wali wangu uko jikoni!" mama yake Senowara akapiga kelele, kitoto mgongoni.

"Wali utapikwa mwingine, dada! Toka!"

Walikuwa wamefika kwenye kituo cha kusomea watoto waliposikia mngurumo mzito. Kilima kilikuwa kimeporomoka na kulifukia jiko. Ndani hamkuwa na mtu.

"Kumbe mto wenyewe ni ule juu ya jiko letu," Senowara alisema, meno yakigongana.

"Nisamehe."

"Ngoja nimalize kutetemeka kwanza."

Jua lilipotoka, baba yake Shahena alikwenda kusaidia kujenga jiko jipya, na mama yake akamfuata Nur Kolima kwa haya. "Ng'ombe tumrudishe?"

"Ng'ombe ana kosa gani, mama? Majani haya lazima yapunguzwe ili yashamiri. Sisi huyakata juu na kuyatupa, mizizi tunaiacha. Kuanzia leo mje kuyachukua." Kisha akamgeukia Shahena na kumpa mche wa majani hayo. "Ulikosea ulipong'oa bila kuuliza, ukakosea tena ulipomdanganya rafiki yako. Najua uliogopa kusema. Lakini ulisema watu wakiwa bado ndani, wanaweza kutoka. Ungengoja hadi kesho, ungekuja kutuambia msibani. Ukiharibu kitu kinachomlinda mwenzako, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka."

Shahena alipiga magoti kwenye tope. Senowara akaja na jembe, akachimba shimo la kwanza, na wote wawili wakaushindilia udongo kwa viganja.