Kamba ya Mita Kumi na Tano

Asubuhi ile Zuhra alikuta kamba ya winchi imelala uani yote, mita kumi na tano, imenyooka kama mstari uliopigwa kwa rula. Ilianzia kwenye pua ya pikipiki ya matairi manne, ikapita kando ya jiko, ikaishia kwenye ua wa mabua upande wa kaskazini. Jana yake mumewe Rashidy aliizungusha ndani yote na kuifunga ndoano kwenye bampa. Zuhra alihakikisha mwenyewe, mara mbili.

"Umeichezea winchi?" alimuuliza.

"Nimeamka sasa hivi, mke wangu. Niichezee saa ngapi?"

"Basi nani?"

"Labda mbuzi wa jirani kasomea ufundi." Rashidy alibonyeza swichi, kamba ikarudi ndani ikinguruma, naye akaenda zake kupiga mswaki.

Pikipiki ilikuwa na wiki tatu tu tangu ishushwe kwenye lori kutoka Dar. Walikuwa wamepata kazi ya kubeba mifuko ya udongo kutoka porini Ruangwa kwa ajili ya watafiti wa madini, sehemu ambazo masika gari halifiki. Rashidy ndiye aliyetaka winchi ya kujivutia kwenye tope, ikafungwa na fundi pale Nachingwea mjini. Zuhra, aliyesomea upimaji wa ardhi chuo kikuu, alitaka vya kujikinga: helmeti nyeusi ya mumewe, nyekundu yake, mabuti, glavu. Alikuwa na mtindo wake wa kufunga helmeti. Alikaza mkanda, akaikunja ncha mara mbili na kuichomeka ndani, hivyo hata upepo usingeifungua. Rashidy alimtania kwamba siku akifa itabidi aitwe fundi wa kufungua.

Alhamisi iliyopita walikwama Chinongwe, bondeni, tope likiwa limefika kwenye ekseli. Mti pekee wa kuhimili winchi ulikuwa msolo mmoja mzee. Shinani palikuwa na chungu kilichofunikwa kifudifudi na doa jeupe la unga uliomwagwa.

"Kaka, hapo wenyeji wanaomba mizimu yao," alisema Luhende, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, aliyekuwa akipita na ng'ombe wake. "Mimi mgeni hapa, hata ndama simfungi hapo."

"Wenyeji ndio sisi," Rashidy alijibu, akauzungushia kamba. Akaupigapiga mti kama mtu anayempigapiga mzee begani. "Babu, tutoe kwenye tope hili, nasi tutakupakia tukupeleke mjini!"

Winchi ilivuta. Chini ya ardhi kitu kilikatika, kikakatika tena, na pikipiki ikatoka. Luhende hakucheka. Alibadilishana na Zuhra namba za simu, kwa siku watakayokwama tena, akaondoka na ng'ombe wake haraka.

Zuhra hakuweza kuondoka hivyo. Mama mkwe wake, Bi Swaumu, alikuwa akimwaga unga kwenye msolo wa kwao Mnero, na Zuhra alishamsikia akitaja majina. Mkobani mlikuwa na unga wa mtama. Rashidy alipokuwa anazungusha kamba ndani, yeye alipiga magoti, akamwaga, akasema kwa ukamilifu, asije akakosea: "Ni Rashidy, mwana wa Swaumu. Nyumba ya bati jekundu, nyuma ya mashine ya kusaga, Nachingwea." Alijisikia vizuri baadaye. Alijua amefanya jambo kama inavyotakiwa.

Sasa, saa saba mchana wa siku ile ya kwanza kamba kukutwa uani, jua likiwa utosini na kuku wote wamejificha, alisikia winchi ikinguruma.

Alitoka. Hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa imetoka tena yote, lakini safari hii haikulala chini. Ilisimama hewani, imekazwa, ndoano ikining'inia usawa wa kifua karibu na ua wa mabua, ikitikisika kidogo kidogo kama kamba iliyofungwa mnyama anayetembea polepole. Winchi ilizunguka yenyewe, ikala mita tatu, ikanyamaza. Harufu ya togwa iliyochacha ilijaa ua mzima.

Siku ya pili Rashidy aling'oa betri. Zuhra alikuwa amepaka kila mita alama ya rangi nyekundu ya kucha, na saa saba akahesabu alama nyingine tatu zikiingia. Siku ya tatu Rashidy alipiga kamba kwa panga, panga likateleza kama limepiga maji, na jioni hiyo hakula. Alikaa kitandani akijikuna kifuani, ambapo palikuwa na mchirizi mwekundu, mwembamba, wa kuzunguka mpaka mgongoni.

"Inakaza," alinong'ona. "Zuhra, ikiisha kamba nitakuwaje?"

Bi Swaumu alikuja kutoka Mnero na ubani na walimu wawili wa kusoma Yasini. Walisoma siku ya nne kuanzia asubuhi. Saa saba winchi ilinguruma juu ya sauti zao, ikavuta mita zake tatu, na mwalimu mmoja akafunga msahafu akaomba radhi akaondoka.

Bi Swaumu alimwita mkwewe kando.

"Mwanangu, usinifiche. Ule unga ulioniambia, uliumwaga kabla ya kufunga kamba, au baada?"

"Baada, mama. Tulishatoka kwenye tope."

Mama mkwe alikaa chini pale pale, kwenye vumbi. "Kabla ni kuomba ruhusa. Baada ni kumwita mwenye mti aje mgeni kwako. Na nyumba ukamtajia?"

"Nilimtajia hata rangi ya bati."

"Ya Rabi. Rashidy ndiye aliyeahidi kumpakia. Basi amrudishe kwenye mti wake kesho, kabla ya saa saba. Wewe usimfuate, wewe ndiye uliyemwita. Na akija mlangoni mtu asiyeeleweka, asikaribishwe. Mgeni wa namna hiyo akishakaribishwa kwa mdomo wa mtu aliye ndani, hatoki tena."

Siku ya tano asubuhi Rashidy alivaa mabuti, glavu na helmeti nyeusi. Ile nyekundu ya Zuhra aliifunga kwenye kiti cha nyuma.

"Ya abiria," alisema, akijaribu kucheka. "Nitarudi, mke wangu. Pika wali."

Alipowasha injini, kamba ilikuwa bado imesimama mbele yake, mita tatu za mwisho, na Zuhra aliona, akatamani asingeona, kwamba pikipiki ilianza kwenda kabla mumewe hajagusa gia, ikiongozwa taratibu kutoka uani na kushika njia ya Ruangwa, kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Saa saba kasoro dakika nne simu iliita. Alikuwa Luhende.

"Shemeji." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Huu mti umeanguka. Mizizi ilikatika siku ile mlipouvuta, jana ukalala."

"Rashidy amefika?"

Kwa mbali ng'ombe walilia.

"Yupo hapa chini ya mti, shemeji. Kamba imemzunguka kifuani, yenye alama nyekundu. Nimemfunika shuka langu. Pole sana."

Zuhra aliuliza swali la mpimaji, kwa kuwa ndilo pekee lililobaki kichwani. "Na pikipiki?"

"Haipo. Alama za matairi zinarudi huko kwenu."

Hakukumbuka kama alikata simu, kwa sababu harufu ya togwa iliyochacha ilikuwa imeshaingia chumbani, na nje mngurumo aliokuwa anaujua ulikuwa unapita mashine ya kusaga, ukakata kona, ukaingia uani na kuzimwa, na yeye kupitia upenyo wa dirisha akaona mtu mmoja anashuka, hana kamba kwenye winchi yake, amevaa helmeti nyekundu, na mkanda chini ya kidevu umekazwa, ncha imekunjwa mara mbili na kuchomekwa ndani, na nyuma ya kioo, mahali pa uso, pamejaa unga mweupe mpaka juu.

Alirudi nyuma kutoka dirishani.

"Hodi," ilisema sauti ya Rashidy, Rashidy ambaye hajawahi kupiga hodi nyumbani kwake. "Ni Rashidy, mwana wa Swaumu. Nyumba ya bati jekundu."

Kule jikoni mfuniko wa sufuria ulidondoka. Bi Swaumu, ambaye hakuisikia simu, alikuwa anakimbia kuelekea mlangoni, analia kwa furaha.

"Karibu, mwanangu! Karibu ndani, karibu!"