Fundi Mwenye Vijana Kumi

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Chiriku alikaa kwenye kigoda akafanya kazi za shule huku bibi yake akikunja nguo. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwahi kwenda likizo.

Wiki ile Mwalimu aliwapa wanafunzi kazi ya utafiti. Wasome kitabu cha maktaba kinacholinganisha nchi mbalimbali, kisha wawaulize wafanyabiashara wa mtaani: je, watu wakianzisha biashara, uchumi wa nchi hukua? Kazi bora ingesomwa mbele ya wazazi Ijumaa ya wiki iliyofuata, na Chiriku aliitamani nafasi hiyo kuliko nguo mpya.

Lakini kuulizauliza juani kunachosha. Kitabu alikifungua, akaona hakina picha, akakifunga. Basi akabuni fundi viatu wa kike, aliyeajiri vijana kumi na kuuza viatu hadi nchi jirani. Akamalizia: “Kila anayefungua biashara huikuza nchi.”

Mwalimu aliipenda kazi ile, akaichagua. Jumamosi asubuhi akabisha hodi nyumbani kwa Bibi. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeachama kama mamba mwenye njaa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Nipeleke kwa yule fundi wako. Sina viatu vingine ila hivi.”

Chiriku akajibu haraka: “Ni mbali kidogo, Mwalimu.”

“Tutafika tu.”

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Chiriku ilizunguka soko zima, ikapita kwa wauza nyanya, ikapita kwa fundi wa kuchomelea vyuma, ikarudi kwa wauza nyanya. Kiatu kilipiga makofi kila hatua. Mwalimu hakulalamika hata mara moja. Alimsifu fundi yule njia nzima. Walipofika tena mlangoni kwa Bibi, soli ikabanduka.

“Mwalimu, mbona mnazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?” Bibi akauliza.

“Tunamtafuta fundi viatu, mama. Yule mwenye vijana kumi.”

“Mtaa huu? Hata mwenye kijana mmoja hatuna.”

Bibi akamtazama mjukuu wake. Chiriku akainamisha kichwa. Kisha akasema polepole, “Hayupo, Mwalimu. Nilimbuni.”

Mwalimu aliitazama soli mkononi. “Na vijana wake?”

“Nao pia.”

“Nilikuwa nimeshawapenda,” Mwalimu akasema kwa huzuni.

Chiriku akalia. Bibi akaleta sindano ya kushonea magodoro, akakishona kiatu.

“Kazi ile haitasomwa,” Mwalimu akasema akikivaa. “Lakini Ijumaa bado. Lete ya kweli, nitaipima pamoja na za wenzako.”

Jioni ile ile Chiriku akaenda sokoni. “Mjukuu wangu,” muuza nyanya mmoja akamwambia, “mimi nilianza kwa kukosa kazi. Hapa tunanyang'anyana wateja wale wale.” Fundi wa kuchomelea naye akamwonyesha vijana aliowafundisha, wengine sasa wana karakana zao. Chiriku akakifungua tena kitabu, safari hii akakisoma. Kumbe zipo nchi zenye wachuuzi tele ambazo uchumi wake hukua polepole. Biashara husaidia zaidi pale inapopanuka na kuajiri wengine.

Ijumaa kazi yake ilisomwa. Bibi alikaa mbele, akitikisa kichwa kukubali kila sentensi kana kwamba ameiandika yeye.

Mwalimu akasimama. Uzi mnene wa godoro ulionekana hadi viti vya nyuma.

“Wanangu,” akasema, “mtafiti huandika alichokikuta, si alichokitamani. Fundi wa kwanza wa Chiriku alikuwa hodari sana.” Akainua mguu. “Ila hakuweza kunishonea kiatu.”